Ipo ya Humoud

Humoud bin Asad alikuwa na sheria moja dukani kwake, ingawa hakuiandika popote: kitu ambacho hajakiona kwa macho yake, hasemi kipo.

Kwingineko sheria kama hiyo isingestahili hata kutajwa. Kariakoo ni jambo jingine. Ingia duka lolote uulize kitu. Muuzaji hatakuambia hakuna. Atasema, "Ipo," atakusogezea kigoda, atakuuliza habari za nyumbani, na huku kidole chake kinamwandikia ujumbe jirani wa mtaa wa pili. Baada ya dakika kumi kitu kinaingia kwa mlango wa nyuma, kinapanguswa vumbi, kinawekwa mbele yako kana kwamba kililala hapo tangu juzi. Watu hawauhesabu kuwa uongo. Wanauita biashara.

Kasmir, aliyeuza chaja na makava ya simu mlango wa pili kutoka kwa Humoud, ghorofa ile ile ya kwanza katika jengo la Mtaa wa Mchikichi, alikuwa na fatwa yake juu ya jambo hilo.

"Mimi nikisema ipo, sisemi ipo dukani kwangu. Nasema ipo Kariakoo. Sasa niambie, bwana Humoud, Kariakoo kuna kisichokuwepo?"

"Ukweli."

"Huo nao upo, bwana, ila bei yake imepanda."

Humoud alicheka, lakini hakubadilika. Alikuwa na sababu. Baba yake, marehemu Mzee Asad, aliuza makomeo, vitasa na bawaba katika mtaa huo huo kwa miaka thelathini, naye Humoud ndiye aliyekuwa miguu ya kila ipo ya baba yake. Alikimbia juani kutafuta kitasa ambacho baba alishakiuza kwa mdomo, na mara nyingine alirudi mikono mitupu akakuta mteja keshakunywa maji glasi mbili, na baba anamtazama yeye kwa jicho la lawama, kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Alipopata stashahada ya ufundi wa kompyuta na kufungua chumba chake mwenyewe, aliapa kuwa hapo mtu ataambiwa ipo au haipo, na vyote viwili vitakuwa kweli.

Wateja aliwapoteza. Aliyeambiwa haipo alihamia kwa Kasmir na kuambiwa ipo. Lakini waliobaki walimwamini kuliko walivyowaamini ndugu zao, na wengi wao walikuwa watu wa vyuo, wenye kazi ambazo mafundi wengine hawakuzitaka.

Moja ya kazi hizo ilikuwa kujenga programu za hesabu. Programu nyingi huja zikiwa tayari, unaziweka na kuzitumia. Lakini hizi kubwa za wanahisabati, toleo jipya mara nyingi huja likiwa msimbo mtupu, maelfu ya mafaili ya maandishi ambayo mashine yenyewe lazima iyageuze kuwa programu. Wanaita kujenga, na hakuna ajengaye kwa mikono mitupu. Kwanza mashine iwe na zana zake: kompaila ya kugeuza maandishi yawe lugha ya mashine, chombo cha kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, cha kufungua vifurushi, cha kutia viraka, na vingine vyenye majina ya ajabu kama m4, ambavyo mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuvisikia mpaka siku vinapokosekana.

Ukutani Humoud alibandika karatasi yenye zana kumi na nne. Kabla ya kujenga chochote alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika jina la zana ya kwanza na kuiuliza ni toleo namba ngapi. Zana ikiwepo, mashine ilijibu kwa namba. Isipokuwepo, ilisema haikuonekana, bila kumsogezea kigoda. Jambo hilo lilimpendeza. Alitia alama ya vema kwa penseli, akaenda kwenye ya pili. Aliwaambia wanafunzi waliomcheka kwa polepole yake kwamba mashine ndiyo peke yake katika jengo lile isiyojua kutuliza mteja.

Siku ya Jumanne alasiri, mwezi wa Novemba, Sitara alipanda ngazi zile na kompyuta yake mkononi. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mkazi wa Magomeni, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, aliyepewa ruhusa ya miaka miwili kusoma shahada ya uzamili. Alikuwa mteja wa Humoud tangu mwaka wake wa kwanza.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Mtihani uko ngazini?"

"Mtihani uko Alhamisi, Ami. Natetea tasnifu saa tatu asubuhi."

Akamweleza. Tasnifu yake ilihusu ruwaza za ukili, ule ukili wa mikeka: ukiwa na miyaa kadhaa, yale majani yanayosukwa, unaweza kusuka ruwaza ngapi zilizo tofauti kweli, siyo moja iliyogeuzwa tu ikaonekana mbili. Alikuwa amehesabu kwa miyaa tisa, kumi, kumi na moja, hadi ishirini. Hesabu kumi na mbili, na kila moja ilisimama juu ya ile iliyoitangulia. Mtahini wa nje, aliyetoka nchi nyingine, alikuwa ameandika kwamba jibu la mwisho, lile la kumi na mbili, lilimtia shaka. Sitara alichunguza akagundua kwamba programu aliyoitumia, ile iliyokuja tayari, ilikuwa na kosa katika namba kubwa. Kosa lilikuwa limesharekebishwa, lakini katika toleo jipya tu, na toleo jipya lilikuwa bado msimbo.

"Lazima nilijenge, nihesabu upya zote kumi na mbili, niwawekee jopo jibu mezani," alisema. "Kuhesabu peke yake ni saa kumi na sita. Mtahini anaondoka Alhamisi hiyo hiyo saa sita mchana, na huja mara moja kwa mwaka. Nikikosa, ni mwakani. Na ruhusa yangu kazini inaisha Desemba, hawaongezi."

"Kujenga kutachukua saa tano katika mashine hii," Humoud alisema akiipima kwa kiganja, kama mtu anayepima uzito wa papai. "Kesho nikianza saa tatu asubuhi, saa nane mchana tumemaliza. Saa tisa unaanza kuhesabu. Alhamisi saa moja asubuhi una jibu."

"Naiacha kwako, Ami."

"Iache."

Jumatano saa mbili asubuhi Humoud alikuwa mbele ya dirisha jeusi na penseli yake. Zana mbili hazikuwepo, akaziweka. Zilipotimia vema kumi na nne, ilikuwa imebaki kuandika amri ya kuanza.

Wakati huo chumba kilikuwa kimejaa. Mhandisi mmoja aitwaye Marcelino, mtu wa heshima zake, alikuwa amewaleta wageni wawili, akiwaonyesha Humoud kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Mnayemwona hapa," alisema Marcelino, "hakuna kitu cha kompyuta asichokijua. Bongo nzima."

"Usinivike kanzu nisiyoshonewa," Humoud alisema, lakini uso wake uling'aa.

Simu ikalia. Ni Sitara. Alikuwa anakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu akitokea Posta kuchapisha kurasa zake, na sauti za wapita njia zilimfunika.

"Ami, samahani. Msimamizi wangu kaniandikia sasa hivi. Anasema nihakikishe kabla hujaanza. Kompaila ya Fortran ipo?"

Jina hilo, la lugha ya zamani ya kuandikia programu, Humoud alilisikia mara ya mwisho chuoni, kwa mwalimu aliyekuwa karibu na kustaafu. Alidhani lilikufa na mwalimu huyo. Halikuwemo katika karatasi yake, kwa sababu karatasi aliiandika kwa ajili ya programu nyepesi kuliko hii. Kuuliza mashine kungemchukua muda wa kuandika neno moja. Lakini Marcelino alikuwa amenyamaza, wageni walikuwa wanamtazama, na kusema "Ngoja niangalie" kungekuwa kukiri mbele yao kwamba kuna kitu cha kompyuta asichokijua. Akajiambia moyoni: kompaila nimeiona, toleo lake nimelisoma, hiyo nyingine ni ndugu yake, itakuwa ndani humo humo.

"Ipo," alisema.

"Asante Ami. Nimetulia sasa."

Watu wengi wakifika hapa katika kisa hiki humtetea. Husema hakukusudia ubaya, alidhani tu. Ni kweli alidhani. Lakini Sitara hakuuliza anadhani nini. Aliuliza kilichopo, akapewa kisichojulikana kikiwa kimevikwa nguo ya kinachojulikana, na aliyemvisha alijua tofauti ya nguo hizo kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Asiyekuwa na sheria akikosea, amekosea. Mwenye sheria akiivunja kwa sababu anatazamwa, huyo amechagua.

Saa tatu kamili akaandika amri. Mistari ikaanza kupanda kwenye dirisha, mamia kwa mamia, mashine ikijikagua yenyewe. Miongoni mwake ulipita mstari uliosema wazi kwamba Fortran haikuonekana na kwamba itajengwa. Ulipita wakati Humoud anawasindikiza wageni mlangoni.

Maana programu hii haikuwa ya kukata tamaa upesi. Ilipokosa ile kompaila haikusimama na kulalamika. Ilishusha msimbo wa kompaila yenyewe na kuanza kuitengeneza, kama seremala aliyekosa nyundo akaenda kuchimba chuma. Ingefika, lakini ingechukua siku.

Humoud aliswali adhuhuri, akarudi, akagusa mgongo wa kompyuta, akakuta unaunguza. Akafurahi. Mashine inayopata moto inafanya kazi. Saa nane ikapita, akasema moyoni ni uzee wa mashine. Saa nane na nusu ikapita.

Saa tisa Sitara akapanda ngazi. Hakuketi. Aliinama mbele ya kioo, akasoma mistari michache, akanyoosha mgongo polepole.

"Ami, mbona inajenga kompaila?"

Humoud akasogea kusoma.

"Inajenga kompaila ya Fortran. Iko nusu yake tu, na programu yangu bado haijaigusa." Akageuka. "Si ulisema ipo?"

Kasmir alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa na roho nzuri, na kwa roho hiyo nzuri akaingilia.

"Dada, umeme umetusumbua sana leo hapa. Umekatika kama mara tatu hivi. Si ndiyo, bwana Humoud?"

Akamkonyeza. Umeme haukukatika siku hiyo hata kidogo, lakini hapakuwa na mtu Dar es Salaam ambaye angebisha. Pia palikuwa na ule uzee wa mashine, nao ulikuwa na chembe ya kweli. Humoud alizitazama njia zote mbili, zikiwa wazi na safi, na akahisi jasho lile la kale la kukimbia na kitasa cha watu.

"Umeme ulikuwepo tangu asubuhi," alisema. "Kasmir, nakushukuru, lakini nenda kanywe chai yako. Sitara mwanangu, ulipouliza sikuangalia. Palikuwa na watu, nikaona haya kusema sijui. Nikasema tu."

Sitara hakupandisha sauti. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Ingechukua muda gani kuangalia?"

"Kuandika neno moja."

"Neno moja," alisema. Akavuta kigoda, akaketi, akafungua mkoba, akatoa kalamu. "Haya. Tuhesabu saa."

Wakahesabu. Wangesimamisha kila kitu, waiweke Fortran kwa njia ya kawaida, ambayo ingechukua dakika nne, waanze upya saa tisa na nusu. Kujenga kungeisha saa mbili na nusu usiku. Ongeza saa kumi na sita.

"Saa sita na nusu mchana," Sitara alisema. "Mtahini anaondoka saa sita."

"Huenda ikawahi."

"Ami, tafadhali. Usiniambie huenda."

Wakaanza upya. Saa kumi na mbili mlinzi wa jengo alikuja kufunga, kama anavyofunga kila siku, na hapakuwa na njia ila kuihamishia kompyuta nyumbani kwa Humoud, mitaa miwili kutoka pale, ikiwa wazi na inafanya kazi. Humoud aliibeba kwa mikono miwili kama sinia la mayai. Sitara alifuata na chaja, na mbele alitangulia Kasmir akiwafungulia njia katikati ya mikokoteni na wauza mitumba.

"Pisha! Pisha mgonjwa!"

"Mgonjwa yuko wapi?" mama mmoja aliuliza.

"Huyo hapo, kafunguliwa kifua! Pisha mama!"

Watu walicheka wakapisha. Sitara naye alicheka, mara moja, halafu akakumbuka na kuacha.

Amna, mke wa Humoud, alimlazimisha Sitara kulala kwao, akapiga simu Magomeni kumtoa mama yake wasiwasi. Kujenga kuliisha saa mbili na dakika arobaini. Hesabu ikaanza, na tangu hapo hapakuwa na la kufanya; hesabu haiharakishwi kwa kuangaliwa.

Asubuhi, walipokuwa wanakunywa chai, Humoud aliweka karatasi iliyokunjwa kando ya kikombe cha Sitara. Ilikuwa barua kwa jopo, kwa mwandiko wake, yenye mistari sita. Ilisema kuwa mwanafunzi aliuliza juu ya zana kwa wakati, kwamba fundi alimjibu bila kuangalia, na kwamba saa sita zilizopotea ni za fundi. Chini aliandika jina lake kamili, jina la duka na namba ya simu.

Sitara aliisoma mara mbili.

"Hii itakuharibia jina, Ami. Nusu ya wateja wako wanatoka chuoni kwetu."

"Jina limeshaharibika jana. Karatasi inalifuata tu."

"Ungeniambia umeme, ningekuamini. Unajua hilo?"

"Najua."

"Sijui kama nakushukuru au nakuchukia," Sitara alisema, akaitia barua ndani ya mkoba.

Aliingia mbele ya jopo saa tatu, kompyuta ikiwa wazi kando yake na inaendelea kuhesabu. Aliwaonyesha majibu kumi. La kumi na moja lilitokea akiwa anazungumza. La kumi na mbili, lile aliloliulizia mtahini, halikuwepo. Mwenyekiti aliuliza kama angependa kusema matarajio yake ni namba gani. Sitara alikuwa nayo kichwani, aliikisia wiki nyingi zilizopita, na angeweza kuitaja kwa sauti thabiti.

"Sijaiona," Sitara alisema. "Siwezi kuitaja."

Walisoma barua ya Humoud, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaiweka kwenye faili. Mtahini alisema ni barua ya mtu mwaminifu. Kisha akasema kwamba anakuja kutahini hesabu, na hesabu haijatimia. Saa sita kasoro robo alifunga mkoba wake. Wakaandika kwamba kazi irudishwe, iletwe kikao cha mwaka unaofuata.

Saa saba kasoro dakika ishirini Sitara alimpigia Humoud kutoka barazani chuoni.

"Limetoka," alisema. "Ni lile lile nililolikisia."

"Wamesemaje?"

"Mwakani."

Humoud alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakulitafuta kwa ajili yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia, Ami," alisema, akakata simu.

Jioni ile Humoud aliongeza mstari wa kumi na tano kwenye karatasi ya ukutani. Marcelino alipokuja wiki iliyofuata na mgeni mwingine, akaanza maneno yake ya bingwa wa Bongo nzima, Humoud alimkatiza.

"Mhandisi, usiseme hivyo hapa. Kuna mtu alilipia maneno hayo."

Marcelino alicheka akidhani ni unyenyekevu. Kasmir, aliyejua, alijishughulisha na chaja zake.

Januari Sitara alirudi kufundisha. Aliomba ruhusa ya siku chache kwa ajili ya kikao cha Novemba, akapewa. Lakini nafasi ya kufundisha chuoni, aliyoahidiwa iwapo angekuwa na shahada kufikia mwanzo wa mwaka, ilikuwa imepewa mtu mwingine. Novemba alitetea, akafaulu bila swali gumu hata moja. Humoud alizisikia habari hizo kwa wanafunzi wengine.

Ipo ile moja ilimgharimu Sitara mwaka mzima na kazi ya chuoni. Humoud naye ilimgharimu Sitara mwenyewe, ambaye hakupanda tena ngazi zile.